Sikukuu zinakaribia, na uzito wa mwaka jana bado ninao

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, na kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi jioni. Nakuandikia mapema, kabla sikukuu za mwisho wa mwaka hazijafika, kwa sababu safari hii nina hofu ya kweli.

Kila mwaka familia ya mume wangu hukusanyika kwa mama mkwe. Tunakaa huko wiki mbili, watu zaidi ya ishirini, na jiko halizimwi. Mama mkwe anapika kwa mapenzi, na yeye ndiye anayepakua. Ukimaliza sahani anaongeza. Ukisema umeshiba anauliza kama chakula kina kasoro. Mwaka jana nilijaribu kukataa, wifi yangu mmoja akasema mbele ya watu kwamba siku hizi najiona. Usiku ule nililia, na tangu hapo nikaona heri nile kuliko kuonekana nawadharau.

Nilipoondoka nyumbani mizani ilisoma kilo 78. Niliporudi ilisoma 81. Kufikia mwezi wa pili ikashuka yenyewe hadi 79, ikaganda hapo mpaka leo. Ni vivyo hivyo kila mwaka. Miaka mitano iliyopita nilikuwa na kilo 74, na katikati ya mwaka sili ovyo, Shangazi, naapa.

Mwezi uliopita nilikwenda kupima afya, daktari akaniambia presha yangu iko ukingoni. Ilisoma 136 kwa 87. Hajanipa dawa. Alisema nipunguze chumvi, nitembee, na zaidi ya yote uzito usipande tena. Nikazifikiria sikukuu zilizo mbele, nikaishiwa nguvu.

Nimejipangia hivi. Nikiwa ukweni nitashinda na maji tu mchana, ili jioni nile bila wasiwasi. Januari nitakula mlo mmoja kwa siku mpaka nifike 75. Tena rafiki yangu wa kazini ameniletea pakiti za chai ya kupunguza tumbo, anasema inayeyusha mafuta ndani ya siku kumi. Sijaianza.

La mwisho ni mume wangu. Ni mtu mwema, lakini tukiwa kwao hupenda kuutania mwili wangu mezani, na wote wanacheka. Mimi nacheka nao, kisha naenda jikoni kula peke yangu.

Nifanyeje nile na watu bila kugombana na mtu, na nirudi nyumbani na uzito niliokwenda nao?

Mkwe Mwenye Hofu

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ina namba tatu ambazo naomba tuanze nazo: 78, 81, 79. Zinaeleza tatizo lako vizuri kuliko unavyodhani, na zinatuonyesha pa kushika.

Kwanza, hukunenepa kilo tatu. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye misuli na kwenye ini, akiba iitwayo glikojeni, na kila gramu moja ya glikojeni hukaa na takriban gramu tatu za maji. Akiba hiyo ikijaa, mtu mzima anaweza kuwa na nusu kilo ya glikojeni, na maji yake juu. Ukila wanga na vitu vitamu siku baada ya siku, akiba inajaa na maji yanafuata. Chumvi nyingi nayo hushika maji. Chakula chenyewe kilicho tumboni kina uzito. Ndiyo maana mizani ilipanda hadi 81, na ndiyo maana ulipokirudia chakula chako cha kawaida ikashuka bila wewe kufanya lolote. Kilichobaki baada ya maji kutoka ni kilo moja. Hiyo ndiyo mafuta.

Na hiyo kilo moja ndiyo ninayotaka uiogope, wala si zile tatu. Mwaka 2000 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani uliowapima watu wazima 195 kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka, wakati wa sikukuu na baada yake. Kwa wastani waliongezeka chini ya nusu kilo, kama gramu 370 hivi. Wao wenyewe walidhani wameongezeka mara kadhaa zaidi ya hapo. Lakini uzito ule mdogo haukuondoka miezi iliyofuata, na waliorudi kupimwa baada ya mwaka mzima, kwa wastani, walikuwa bado nao. Watu ambao tayari walikuwa na uzito uliozidi ndio walioelekea kuongezeka zaidi. Sasa tazama historia yako: 74 hadi 79 kwa miaka mitano. Kilo moja kila mwaka, inaingia wakati wa sikukuu na haitoki. Unaposema katikati ya mwaka huli ovyo, mimi nakuamini.

Hapo naona jambo la kukupa moyo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Zigawe kwa siku 14 unazokaa ukweni, utapata kalori 550 kwa siku. Hayo ni makadirio tu, miili haifanani, lakini yanakuonyesha ukubwa wa kazi. Chupa ya soda ya mililita 500 ina kalori zaidi ya 200. Kipande kinono cha keki yenye krimu kinaweza kumalizia zote zilizobaki. Soda moja na kipande kimoja cha keki kila siku, juu ya mahitaji ya mwili wako, kwa wiki mbili: kilo imepatikana. Hapo hatujaigusa sahani ya mama mkwe wala chakula cha siku kuu yenyewe.

Ndiyo maana nakuomba uache kupigana na siku ya sikukuu. Siku ile kaa, kula, furahi na watu wako. Sikukuu zenyewe ni siku mbili au tatu, na mlo mmoja mkubwa haumnenepeshi mtu. Wanaokunenepesha ni zile siku kumi na moja nyingine, ambazo si sikukuu lakini zinaliwa kama sikukuu.

Zitazame siku hizo kwa makini. Asubuhi kuna keki ya jana mezani, na kwa kuwa imeshakatwa kila anayepita anachukua kipande. Mchana mnapika pamoja, na kila sufuria inaonjwa, si kijiko kimoja tu. Watoto wanaacha nusu sahani na mama anaimalizia kwa sababu kutupa chakula kunamuuma. Wageni wanakuja, soda zinafunguliwa, nawe unafungua yako ili mgeni asinywe peke yake. Usiku watu wanazungumza mpaka saa sita, bakuli la vitafunwa liko katikati, mikono inaingia na kutoka. Kisha kuna viporo, na viporo vya sikukuu ni vingi na vitamu. Ukiulizwa jioni umekula nini, utaitaja milo mitatu tu. Huko kudokoa kote hukuhesabu, kwa sababu hukukalia kiti wala kushika sahani. Nadhani kilo yako iko humo, tena sehemu yake iko kule jikoni unakokwenda peke yako baada ya kuchekwa. Nitarudi hapo.

Sheria yangu kwako kwa hizo siku za katikati ni moja: kila unachokula kiwekwe kwenye sahani, nawe ukae. Kama unataka keki, kata kipande, kiweke kwenye sahani, kaa, ukile. Sikukatazi keki. Nakukataza kula ukiwa umesimama, ukipita, au mkono ukiwa ndani ya sufuria. Ukiwa zamu ya kupika, onja chumvi kwa kijiko kimoja, basi. Chakula cha watoto pakua kidogo, wakitaka waongezewe, ili kisibaki cha wewe kukionea huruma. Kilichobaki kifunikwe na kuhifadhiwa mara tu watu wanapomaliza kula, kisiachwe mezani mpaka jioni. Na bakuli la usiku liwe mbali na ulipokaa, ulazimike kunyanyuka ukilitaka.

Vinywaji ningevishughulikia kabla ya chakula, kwa sababu ndiyo sehemu rahisi na hakuna mkwe anayekasirika ukinywa maji. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu wa kalori 2,000, na inakuwa bora zaidi ikikaa chini ya gramu 25. Chupa moja ya soda ya mililita 500 inaweza kumaliza gramu 50 zote, na haishibishi. Juisi ya matunda haina nafuu kubwa kwa upande huu. Jichagulie siku za soda, yaani zile sikukuu zenyewe, na siku nyingine unywe maji, au chai isiyo na sukari. Kama unakunywa pombe, hukusema, gramu moja ya pombe ina kalori 7, karibu sawa na mafuta yenye 9, na inamfanya mtu asijali anachokula baadaye. Tena inapandisha presha.

Sasa huo mpango wa kushinda na maji tu. Mwanangu, uache. Ule utafiti wa mwaka 2000 uliangalia mambo mengi, kuanzia msongo hadi idadi ya sherehe mtu alizohudhuria, na yaliyojitokeza kuhusiana na kuongezeka uzito ni mawili: njaa na kutojishughulisha. Waliosema njaa yao imezidi ndio walioongezeka zaidi. Mtu aliyeshinda na njaa anafika mezani jioni hana uwezo wa kuchagua. Anakula haraka, anakula vyote, na tumbo linapopeleka habari kwamba limejaa, sahani ya pili imeshaisha. Kula asubuhi chakula chenye protini, kama mayai au maharage, pamoja na tunda. Mchana kula mboga na kitu cha kushibisha. Ufike mezani jioni ukiwa na hamu ya kawaida. Na kama kuna msomaji mwingine anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vinavyoshusha sukari, kushinda na njaa ni hatari kwake, sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Huyo asiruke mlo bila kuongea na daktari wake.

Jioni mezani, ujue kwamba wingi wa aina za chakula ndio unaotufanya tule kupita kiasi. Ulimi hukinai ladha moja upesi, ukibadilisha ladha hamu inaanza upya. Ndiyo maana mtu aliyeshiba nyama anapata nafasi ya kitamu. Mbele ya vyakula kumi usionje kumi. Tazama vyote kwanza, kisha jiulize vipi ambavyo huvipati mwaka mzima, ambavyo mama mkwe peke yake ndiye anayevijua. Chukua hivyo, viwili au vitatu, na nusu ya sahani iwe mboga. Mkate na wali wa kila siku viache, utavikuta nyumbani. Kula polepole. Watu wakiwa wengi mezani mtu hula zaidi kuliko akiwa peke yake kwa sababu anakaa muda mrefu na chakula kiko mbele yake, kwa hiyo ukimaliza, nyanyuka na sahani yako, ioshe, kisha rudi kwenye mazungumzo ukiwa na kikombe cha chai.

Najua unasubiri habari za mama mkwe. Nimemfikiria sana, na simwoni kama adui. Mwanamke anayekesha jikoni ili watu ishirini wale anasema jambo kwa chakula chake, na wewe ukisema "nimeshiba" bila neno lingine, yeye anasikia kwamba halikupokelewa. Kwa hiyo mpe mapokezi yake kwa njia nyingine, na usingoje mezani. Mpigie simu wiki moja kabla ya safari, mkiwa wawili tu. Mwambie ukweli: "Mama, chakula chako nakingoja mwaka mzima. Lakini daktari amenipima presha akasema uzito wangu usiongezeke. Naomba unisaidie, mwaka huu nipakue mwenyewe, na usiponiona nikiongeza ujue ni afya, si dharau." Watu wa umri wake wengi wanaijua presha kuliko sisi, wameuguza na wamezika kwa ajili yake. Ukimweka kuwa msaidizi wako, inawezekana kabisa yeye ndiye atakayemnyamazisha wifi.

Hata akikubali, mkono wake unaweza kusahau, mikono ya akina mama haiachi kupakua kwa siku moja. Kwa hiyo mara ya kwanza chukua nusu ya kile unachokusudia kula. Akija na upawa, pokea nusu iliyobaki, mbele ya wote, na umshukuru kwa sauti. Yeye ameona umeongeza, wewe umekula kiasi chako. Hakuna uongo hapo, chakula umekila na umekipenda. Akitaka kuongeza mara ya tatu, mwombe akufungie, utakula kesho mchana. Halafu kesho yake kweli ukile, kwenye sahani, umekaa. Na ingia naye jikoni. Muulize anavyopika, mwombe akufundishe, ukate mboga ukiwa karibu naye. Mpishi aliyeombwa kufundisha hahesabu vijiko vya mwanafunzi wake. Tena ukiwa jikoni utakuwa na sauti kuhusu chumvi, na chumvi ni ya presha yako: kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, kwa vyote ulivyokula. Vipande vya supu vya kutia ladha na nyama za kusindikwa vina chumvi nyingi ambayo ulimi hauitambui.

Kutembea daktari ameshakwambia. Mimi naongeza tu kwamba usitembee ili kulipa deni la chakula, kwa sababu hesabu hiyo itakuvunja moyo: nusu saa ya kutembea kwa haraka, kwa mtu wa uzito wako, inatumia kama kalori 150, na keki inaliwa kwa dakika tatu. Tembea kwa sababu inashusha presha na sukari ya damu, na kwa sababu inakutoa mezani. Wakati mzuri ni mara baada ya kula. Wachukue watoto wote wa ukoo, mzunguke nusu saa. Wazazi wao watakushukuru, na ukifanya hivyo siku tano kwa wiki umetimiza dakika 150 zinazopendekezwa. Na lala. Anayelala kwa muda wa saa nne au tano tu huamka na njaa kubwa kuliko aliyelala kwa muda wa saa saba au nane, na hamu yake huelekea kwenye vitamu. Mazungumzo ya usiku wa manane chagua ya siku chache.

Kuna jambo moja lililojaribiwa kwa ajili ya msimu huu hasa, nami nalipenda kwa urahisi wake. Mjini Birmingham, Uingereza, watafiti waliwachukua watu wazima 272 kabla ya Krismasi wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lilipewa kijikaratasi cha kawaida kuhusu afya. La pili liliambiwa lijipime angalau mara mbili kwa wiki na kuandika uzito, likapewa vidokezo kumi vya kula na kujishughulisha, na orodha iliyoonyesha vyakula vya sikukuu vinahitaji dakika ngapi za mazoezi ili kuvitumia. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la BMJ mwaka 2018. Kundi la kwanza liliongezeka gramu 370 kwa wastani, la pili lilipungua kidogo, na tofauti kati yao ilikuwa karibu nusu kilo. Mpango wenyewe ulikuwa wa wiki nne hadi nane, na nusu kilo ndiyo hasa inayotutesa.

Nawe fanya hivyo. Jumatatu na Alhamisi asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kunywa chochote, panda mizani na uandike. Kama ukweni hakuna mizani, tumia futi ya kushonea, zungusha tumbo usawa wa kitovu, ukiwa umetoa pumzi. Usiitazame namba ya siku moja, maana baada ya siku kuu itaruka kwa maji kama nilivyoeleza. Angalia baada ya siku nne namba inaelekea wapi. Ikiwa bado inapanda, usijinyime chakula, rudi tu kwenye sahani na kiti, uone ni wapi ulianza tena kudokoa. Ila nikutahadharishe: ikiwa umewahi kuwa na tatizo la kujinyima kula kupita kiasi au kula na kujitapisha, weka mizani kando kabisa, njia hii si yako, zungumza na mtaalamu.

Kuhusu Januari: lengo lako wakati wa sikukuu lisiwe kupungua. Liwe kurudi na 79. Mtu anayetaka kupungua wakati nyumba imejaa keki anajipangia kushindwa, na akishindwa siku ya tatu anakula siku zote zilizobaki. Ukirudi nyumbani, subiri wiki mbili ukila kawaida, maji yatoke. Ukikuta 79, umeshinda jambo ambalo hujalishinda kwa miaka mitano, na hapo unaweza kuanza kushuka taratibu. Punguza kama kalori 500 kwa siku, hasa kwenye sukari, vya kukaangwa na ukubwa wa sahani ya jioni, na nusu kilo kwa wiki inaweza kutoka. Mlo mmoja kwa siku hadi 75, hapana. Utapungua haraka wiki ya kwanza, nyingi yake ikiwa maji, utasimama wiki ya tatu, utakata tamaa wiki ya nne.

Chai ya rafiki yako usiinywe. Nyingi ya chai za namna hiyo zina sanamaki (senna) au majani mengine ya kuharisha, au vitu vya kukojosha. Zinatoa maji na kinyesi, mizani inashuka, mafuta yako pale pale. Kuharisha siku kumi kunaweza kushusha potasiamu kwenye damu, na potasiamu ikishuka moyo unaweza kupiga ovyo. Kwa mtu ambaye presha yake iko ukingoni ni kujitafutia balaa. Mshukuru rafiki yako kwa nia yake, pakiti zitupe.

Sasa mume wako. Umeandika sentensi moja, kwamba unacheka nao kisha unakwenda jikoni kula peke yako. Hilo yeye halijui. Mwambie, kabla ya safari, mkiwa wawili, bila watoto, kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi. Usimwambie "unanidhalilisha," atajitetea. Mwambie kinachotokea baada ya kicheko. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba watu wanaokebehiwa kwa unene huelekea kula zaidi, si pungufu, na mzaha wake wa mezani unakulisha kuliko upawa wa mama yake. Mpe na kazi: wifi akianza, yeye ndiye ajibu. Ni dada yake, neno lake litakuwa na uzito ambao lako halina. Na akisahau akatania, usicheke. Nyamaza, mtazame, endelea na chakula chako hapo hapo mezani. Usiende jikoni.

Wiki hii, kabla ya yote, mweleze daktari wako kwamba utakuwa safarini wiki mbili, umuulize kama unahitaji kipimo cha presha cha kubeba. Ukirudi, pima presha kabla ya kupanda mizani. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi siku mbili tofauti, rudi kwake bila kungoja miadi. Na ikiwa huko huko ukweni itapanda hadi 180 kwa 120, au ukapata maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, ganzi upande mmoja au kutoona vizuri, mwambie mume wako akupeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama chakula kimeshapakuliwa.

Niandikie Februari, uniambie mizani inasoma ngapi.

Shangazi